Dole Gumba la Mama Yenu

Sikilizeni wanangu, na wewe kitindamimba acha kuificha simu chini ya shuka, najua ni Daktari anauliza kama nimelainika. Mwambie kwamba baba yako anakufa akiwa mkavu vilevile.

Nyumba ni yenu nyote. Kitabu changu cha mantiki achukue aliye mbishi kuliko wenzake, maana urithi wenyewe umo ndani yake: nakala pekee iliyobaki ya fomu ya hospitali isemayo mama yenu alikubali kutolewa kizazi, na chini yake dole gumba. Dole gumba! Mwanamke aliyeshika chaki miaka ishirini na sita, ambaye sahihi yake mlijaribu kuiiga kwenye ripoti za shule, nikawachapa, si kwa kughushi bali kwa kughushi vibaya!

Alikwenda kutolewa uvimbe tu, akaingia kwa miguu yake, akinitania kwamba gauni lao limeacha mgongo wazi kama duka lisilo na mlango. Siku ya tatu damu ikammaliza. Basi fuateni hoja: ajuaye kuandika hapigi dole akiwa macho, hili ni dole, kwa hiyo hakuwa macho. Walimshika kidole amelala kwa dawa.

Na aliyemkata, Daktari huyo huyo wa kwenye simu, nilimfundisha mimi, enzi nikisomesha mantiki chuoni na wanafunzi wa udaktari wakiniita Mzee Kwa Hiyo. Kwenye mtihani aliandika: "Aliyekubali hunyamaza, huyu amenyamaza, kwa hiyo amekubali." Nikakata kwa wino mwekundu, kisha nikamwonea huruma, nikampitisha. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kosa lile lile akaja kulifanya kwa kisu, akanipa "Sorry, mzee" pale koridoni, kama mtu aliyenikanyaga kwenye foleni. Nilipolalamika, chuo kikafuta somo langu, na digrii yangu ikabaki kufunikia mtungi.

Sasa anamwahidi dada yenu huyu mwenye simu kazi hospitalini, mradi fomu irudi kwake. Mwanangu, sikulaumu, miaka kumi na tisa bila ajira, njaa ya msomi naijua hadi harufu yake. Lakini meza ya kazi hiyo wataiweka juu ya kaburi la mama yako, nawe utaifuta vumbi kila asubuhi. Fomu isirudi. Kama nawe utanyamaza, atasema umekubali.

Akija kunizika msimtukane. Mpeni kiti cha mbele, kisha mumwulize watu wote wakisikia: "Huyu aliye jenezani amenyamaza. Amekubali nini?" Mumwache ajibu. Atoke jasho. Kesho yake fomu ifike baraza la madaktari, pamoja na ushahidi wangu huu mnaouandika, na msikubali chai ya mtu huko.

Mungu awape ulimi usiokatika katikati ya swali… niinueni kidogo. Karatasi ya ushahidi iko wapi, niitie sahihi? Hapana, kidau cha wino kitoeni, sitaki kupiga dole. Kalamu. Niko macho, mmeshuhudia niko… Sahihi naiandika mwenyewe, hata ikipinda. Msinishike. Nimesema msini… shike.