Mwizi Anayejibu Salamu

Ndani ya basi, mama mshonaji alimwonyesha jirani yake wa kiti, fundi simu asiyemfahamu, ujumbe uliofika chini ya picha ya mwanawe.

“Mama, huyu si mwanao,” alisema fundi. “Akaunti yake imeibwa. Mtoto gani humwomba mama yake namba ya siri ya benki? Mzuie asikuandikie tena.”

“Najua si yeye, baba. Mwanangu yuko ng’ambo, na hata kabla ya wizi huu alikuwa haandiki. Namba simpi. Nampa salamu tu.”

“Salamu! Unamsalimu mwizi?”

“Naye hujibu,” alisema mama, kama anayemsifu mkwe. “Jana aliniuliza kama nimekula.”

Fundi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. “Anakuzoesha, mama. Siku upweke utakapokuzidi, utampa.”

Mama aliipapasa ile picha ndogo.

“Nikimzuia, sura hii itawaka tena lini?”

Basi likasimama. Mama akashuka, hajamzuia mwizi wala hajamjibu, simu ameikumbatia kifuani.