Usukani au Kiti?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, kati ya chumba cha kinyozi na chumba cha fundi cherehani. Muuza kahawa huweka jiko lake mwisho wa ubao, na wateja wake wa alasiri ni walewale: Kinyozi, Injinia ambaye hutengeneza simu, na Profesa, muuza magazeti ambaye husoma kila gazeti kabla ya kuliuza. Siku ile fundi cherehani aliegesha gari mbele yao, akamshusha baba yake kwa kumshika kiwiko, akamketisha. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli tu. Kesho yake asubuhi alikuwa afanyiwe upasuaji katika hospitali iliyo mwendo wa saa nne kwa barabara, nafasi waliyoingoja miezi saba. Na gari lilikuwa linatetemeka.

— Likifika themanini tu, linaanza, alisema fundi cherehani. Kama lina homa.

— Balansi hiyo, dada, magurudumu hayajasawazishwa, alisema Injinia.

— Magurudumu ya mbele nimeyabalansi mara mbili wiki hii.

— Basi mara ya tatu. Hata simu ikigoma mara mbili, unaizima tena.

— Simu ina magurudumu? aliuliza Kinyozi. Hiyo ni beringi, bwana. Mashine yangu ya kunyolea ilitetemeka hivyohivyo, kumbe beringi.

— Na yule uliyemkata sikio, ilikuwa beringi pia?

— Alitikisa kichwa yule!

Profesa alikunja gazeti.

— Mnahangaika bure. Nimesoma mimi: dunia inazunguka huku inayumba. Sasa gari likifika themanini, linakutana na ule myumbo wa dunia.

— Na magari mengine, mbona hayakutani nao?

— Yana madereva wanene. Yanatulia chini.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga. Fundi cherehani hakucheka. Kwa gari lile hakuthubutu kumsafirisha baba yake mbali hivyo, na wasipofika kesho, nafasi ingepewa mtu mwingine.

Mzee, kikombe mkononi, akageuza uso upande wa sauti ya bintiye.

— Linatetemeka kwenye usukani au kwenye kiti?

Injinia alimtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Profesa, Profesa akafungua gazeti.

— Sijui, baba, alisema fundi cherehani mwishowe. Likianza tu, naukaza usukani kwa mikono miwili. Mwili mzima unatetemeka.

— Ukicheza usukani, shida iko mbele. Kikicheza kiti, iko nyuma. Twende. Safari hii ushike kwa vidole tu.

Kinyozi naye akajipakia, ingawa chumbani mwake aliacha mteja mwenye ndevu upande mmoja.

Kwenye barabara kuu, fundi cherehani alilegeza mikono. Sitini. Sabini. Themanini. Usukani ulikuwa umetulia kabisa kati ya vidole vyake. Chini ya mapaja yake, kiti kilikuwa kinatetemeka. Wiki nzima alikuwa anatibu mbele. Nyuma yake mzee alisogea kutoka kulia hadi kushoto, akaweka kiganja kwenye ubavu wa gari, juu ya gurudumu.

— Nyuma, kushoto, alisema.

Waliporudi, wakalipiga jeki. Injinia alizungusha gurudumu polepole, na mzee, akiwa amechutama, akaliacha tairi lipite chini ya kiganja chake.

— Simama. Rudisha kidogo. Hapa.

Fundi cherehani aliangalia, hakuona kitu. Akaweka mkono. Mpira ulikuwa umeinuka, kidogo sana, kama kifungo kilichosahauliwa chini ya kitambaa.

— Matabaka ya ndani yameanza kuachana, alisema mzee. Hili lingepasuka njiani.

Mmoja baada ya mwingine walichutama, wakagusa, wakaondoa mkono haraka. Profesa alivua kofia.

— Mzee wangu, ulikuwa fundi magari?

— Hapana. Nilikuwa dereva wa duka la vioo, miaka ishirini na sita. Nyuma vioo vya madirisha, mbele mimi. Nisiposikia mtetemo mapema, navisikia vioo vyenyewe vikivunjika.

Wakafunga tairi la akiba, wakapima upepo wake kwenye pampu ya jirani. Mzee alirudi kiti cha nyuma, akakataa kushuka. Alitaka lijaribiwe naye akiwa ndani.

Themanini. Fundi cherehani alisubiri, vidole vimelegea. Akaongeza hadi tisini.

— Baba, unasikia kitu?

Mzee hakujibu.

Alipopunguza mwendo mbele ya benchi, wote walisimama, hata yule mwenye nusu ya ndevu.

— Vipi? aliuliza Kinyozi.

Fundi cherehani aliweka kidole mdomoni, akawaonyesha kiti cha nyuma, ambako mzee alikuwa amelala fofofo.