Mtoto wa Makoye na Jua la Saa Nne

Pale Bugarama, jirani na karasha linalosaga mawe ya wachimbaji, kuna benchi ambalo huamua kesi zote kabla kahawa ya Mwanaima haijapoa. Juzi liliamua ya mtoto wa Makoye, mchanga wa wiki tatu, aliyezaliwa na ualbino: apakwe mafuta ya kula, alazwe juani kuanzia saa nne mpaka ngozi ikomae. Makoye akatii. Leo ilikuwa siku ya pili.

— Ngozi ni tofali, alisema Ndaki, waliyemwita Profesa. Bila jua haikomai.

— Chanzo zebaki, akadakia Nasibu. Makoye anakamatia dhahabu kwa zebaki, damu imepauka.

— Wewe umeishika miaka ishirini, Profesa akamrudishia, mbona mweusi kama sufuria ya Mwanaima?

— Basi mbalamwezi! Mama yake alilala nje akiwa na mimba.

Wakacheka. Makoye, aliyeketi pembeni na kikombe chake, hakucheka. Jana jioni mabega ya mtoto yalikuwa mekundu, na hakumwambia mtu.

Akaja mama mmoja, kofia pana, mikono mirefu, uso wa rangi ileile ya mtoto.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mimi Mama Gregory, natoka Chato. Nipeni kahawa, na kivuli.

Makoye alimtazama mpaka akasahau adabu.

— Mama, una miaka mingapi?

— Hamsini na minne.

— Na hiyo ngozi... ilitoka wapi?

— Kwa baba na kwa mama. Wote weusi. Kila mmoja alirithi chembe yake kwa wazee wake, akaibeba bila kujua. Kwangu zikakutana. Hakuna aliyekosea.

Makoye aliwawaza mababu na mabibi asiowajua hata majina, wakipokezana kitu kimya kimya, mpaka kikafika mikononi mwake.

— Lo! Kama mwamba wa dhahabu, Profesa akanong'ona, unapita chini ya nyumba za watu...

— Usinifananishe na dhahabu, mwanangu. Wenzangu wameuawa kwa maneno hayo.

Profesa akavua kofia.

— Nisamehe, mama. Na mtoto wa huyu Makoye, aliyezaliwa kama wewe, tumesema alazwe juani; ngozi itakomaa baada ya siku ngapi?

— Haikomai. Inaungua, inatoa vidonda, mwisho saratani. Mimi nimefika umri huu kwa kivuli, nguo ndefu, losheni ya jua na kliniki ya ngozi. Kwani huyo mtoto yuko wapi saa hizi?

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya karasha. Kikombe cha Makoye kilianguka. Mwenyewe alikuwa ameshatimka kuelekea nyumbani, na nyuma yake Profesa, kofia mkononi, akimkimbilia ampe ya kumfunika mtoto.