Mechi ya Elfu ya Kalenda

Benchi lililoegemea ukuta wa uwanja wa Scarbeck halina mwenyewe, ila Haddlewick wakija kucheza huko, hukaliwa na watu watatu, na ole wake atakayewatangulia. Siku hiyo walifika saa sita mchana, mechi saa tisa, kwa sababu kwao shabiki anayefika ugenini na kukuta geti limeshafunguliwa ni mtalii tu. Wa kwanza ni Clifford Ogden, aitwaye Kalenda: mtajie mwaka wowote, atakwambia nani alifunga na mvua ilianza dakika ya ngapi. Wa pili ni Maureen, Bi Chupa, na chupa yenyewe ni ya chai, msimsingizie mama wa watu. Wa tatu ni dereva wao Gareth, jina la kijiweni Breki, mtu ambaye gari pekee analoweza kulipita ni lililoegeshwa. Leo wote walikuwa wamechana nywele, maana Kalenda alikuwa anatimiza mechi ya elfu moja ya Haddlewick bila kukosa hata moja. Miaka ishirini! Harusi ya mpwa wake aliikosa. Alikwenda na homa, alikwenda na mkono kwenye plasta. Mkewe Hilda alishausia kwamba akifa azikwe Jumapili, kwa sababu Jumamosi mume hapatikani.

Ilikuwa saa saba na robo. Geti lilikuwa na mnyororo na barabara ilikuwa tupu, hapiti mtu.

— Hawa Scarbeck wanachelewa, alisema Breki huku akimenya yai.

— Hawachelewi, wanaogopa, alijibu Kalenda. Mara ya mwisho tuliwapiga mbili, dakika ya kumi na saba na ya themanini na nane. Mtu aliyechapwa hatoki nje mapema.

— Mwenzangu na wewe! Mji mzima uogope? alicheka Bi Chupa. Watu wako kwao wanakula. Penye miti hapana wajenzi.

— Sasa hapo methali imeingiaje?

— Imeingia kwa mlango. Kunywa chai yako.

Kalenda alikunywa. Alijikausha, lakini moyoni alikuwa na raha tele. Tangu Jumatatu alikuwa anafanya mazoezi ya kupunga mkono, endapo mtangazaji atamtaja jina.

Ilipogonga saa saba na nusu, Breki alikwenda kuchungulia kwenye tundu la geti. Akarudi amekunja uso.

— Jamani, uwanja una maji. Bata wawili wanaogelea golini.

— Wamemwagilia, alisema Kalenda.

— Mwezi wa kumi na moja? Na mvua yote hii ya wiki nzima?

— Ndiyo ujanja wenyewe, mzee! Winga wetu si ana mbio? Kwenye maji mbio zinakwisha. Wamefungulia mabomba usiku kucha, halafu wakaleta bata ili mwamuzi adhani ni maji ya Mungu.

— Bata wa kukodi! alishangaa Bi Chupa, tena akiwa ameamini kabisa. Na basi la timu yetu je? Mbona silioni?

— Kocha kalificha bondeni, nyuma ya kiwanda cha pamba. Vijana wanapasha misuli humo humo ndani ya basi. Wakitokea, wametokea. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Hiyo sasa ndiyo methali.

Breki alilitupia gari jicho.

— Au tuwashe simu moja tu, tuulize...

— Thubutu! Kalenda aliruka. Simu zimezimwa, zimo kwenye kopo la biskuti, na zitakaa humo mpaka filimbi ya mwisho. Umesahau siku uliyopokea simu ya dada yako dakika ya themanini?

— Aliuliza tu kama nataka zulia.

— Na tukafungwa tatu! Zulia lenyewe liko wapi?

Breki akarudia yai lake. Hapo ndipo alipotokea mama mmoja mwenye koti la mvua, anaburutwa na mbwa aliyejaa matope mpaka masikioni.

— Mmepotea, jamani?

— Sisi? Kalenda alivuta skafu yake ikae vizuri. Sisi hatupotei, mama. Tumekuja kuwapiga.

Yule mama aliiangalia ile skafu.

— Haddlewick? Mechi si imehamishiwa kwenu? Mwamuzi kaja saa tatu asubuhi, kaona uwanja umekuwa bwawa, wakakubaliana wakachezee kwenu, saa ileile ya tisa. Watu wetu wameondoka na mabasi mawili. Katibu alibandika karatasi getini, ila upepo wa huku haubakishi karatasi.

Chai ilimpalia Bi Chupa, akakohoa mpaka machozi. Kalenda alitazama saa yake: saa nane kasoro dakika kumi na tano. Kutoka hapo mpaka nyumbani ni mwendo wa saa mbili na nusu. Akakaa kwenye benchi.

— Tulia, mzee, alisema Breki harakaharaka. Ratiba ilisema wapi? Hapa. Nani yuko hapa? Wewe. Timu ndiyo imekosa mechi, wewe umehudhuria!

— Tena kule ni kwake, alidakia Bi Chupa. Mtu hakosekani kwake. Pale anaposimama kila Jumamosi hata mvua inapakwepa. Yupo! Inahesabika.

— Na tukiondoka sasa hivi tunakuta kipindi cha pili. Kipindi cha pili nacho ni mechi, tena ndicho chenye matokeo. Inahesabika, Kalenda. Nakwambia inahesabika.

Kalenda alimgeukia Breki.

— Wewe ndiye unayesema hivyo? Na ile mechi yetu na Pendlow, uliyoingia dakika ya nne?

— Aah, yamepita hayo.

— Hayajapita. Uliniteremsha getini nisichelewe, ukaenda kutafuta pa kuegesha gari. Ulikuwa na mechi mia sita na tatu mfululizo. Nikasimama baa, mbele ya watu, nikasema mechi huanza kwa filimbi ya kwanza, hesabu yako ianze upya, moja.

— Sheria ni sheria, mzee. Sikulalamika.

— Ndiyo maana inaniuma. Ungelalamika ningepata usingizi.

Bi Chupa alijifanya anatafuta kifuniko cha chupa, nacho alikuwa amekishika mkononi. Kalenda alivua kofia, akaivaa tena. Machozi yalimlenga na hakuhangaika kuyaficha.

— Basi na mimi haihesabiki, alisema. Mia tisa tisini na tisa, zimeishia hapo. Nisamehe, Gareth.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake. Breki alikosa pa kuweka mikono.

— Tuanze moja pamoja wiki ijayo, alisema.

— Wiki ijayo ipi? Kalenda alisimama, sauti imemrudia. Inukeni! Vijana wetu wako peke yao, na mabasi mawili ya Scarbeck yanawazomea nyumbani kwao! Leta ufunguo! Maureen, acha hicho kifuniko!

Wakaanza kukimbilia gari, wazee wa watu, skafu zinapepea, kila mmoja anamwambia mwenzake aharakishe. Yule mama alikuwa bado amesimama, mbwa wake anavuta kamba.

— Samahani, aliita. Kama haihesabiki, mnakimbilia nini?

Bi Chupa aligeuka, akafungua mdomo kutoa methali, methali haikuja. Breki alimtazama Kalenda. Kalenda alikuwa ameshaingia garini, anafunga mkanda, anaanza kuimba wimbo wa Haddlewick. Milango ikafungwa, gari likashika njia ya kurudi.