Mtafiti wa Simba

Basi la Karatu lilipokuwa likiteremka kuelekea Olbalbal, mama wa mchumba wake alimpigia Martini simu kumuuliza anasomea nini hasa. "Nachunguza simba, mama," alijibu, akakata.

Sairowua, mfugaji aliyekaa naye kiti kimoja, akamgeukia kwa furaha. "Kumbe wewe ni mtu wa simba! Jana wamemla ndama wangu. Utashuka na mimi."

Martini akairudisha simu mfukoni. "Samahani mzee, nimemdanganya mama mkwe. Nachunguza wadudu wanaoviringisha kinyesi, wasije wakaisha."

"Kinyesi ndio nini?" Alijua kabisa, mzee yule.

"Uchafu wa ng'ombe," Martini alinong'ona.

"Ng'ombe wangu hana uchafu. Sema."

"Mavi, mzee!"

Basi zima likasikia. Kondakta alicheka mpaka akashikilia mlango. Sairowua peke yake hakucheka.

"Nyumba yangu imesiribwa kwa mavi. Mke wangu aliyashika kwa mikono yake. Wewe hata kuyataja unaona aibu, hao wadudu utawatetea kwa nani?"

Basi likasimama, mzee akachukua fimbo yake.

"Unashuka uwatafute wadudu wako, au bado uko na simba?"