Frouke Dijkema na Kurasa Mbili Zilizogandana

Frouke Dijkema, binti Bulthuis, alizaliwa hapa Appingedam, kaskazini mwa Uholanzi, tarehe 14 Februari 1940, katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa hili tulimokusanyika. Alikuwa mtoto wa pekee wa Harm Bulthuis, fundi wa mashua, na mkewe Trientje. Waliomfahamu watanisamehe nikisema ukweli tangu mwanzo: Mama alikuwa mkaidi. Akishasema hapana, hata mchungaji alichukua kofia yake akaondoka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1946. Alipotimiza miaka minane alipewa albamu ya urafiki, kama wasichana wote wa rika lake. Kila rafiki alikaa nayo siku chache, akaandika beti upande wa kulia na kubandika picha za maua na malaika upande wa kushoto. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mama mzazi. Akina mama wengine walinakili maneno matamu kuhusu waridi na uadilifu. Bibi Trientje hakuwa mtu wa mashairi, akaandika mistari minne ya kwake mwenyewe, na upande wa kushoto akauacha mtupu kwa kuwa hakuwa na picha. Machi 1949 kifua kikuu kikamchukua. Hakuacha mwandiko mwingine wowote.

Mwaka uliofuata albamu ilikwenda kwa Hillie Wieringa, shoga yake Mama wa kufa na kuzikana. Mama alimpa heshima ambayo hakumpa mwingine. "Bandika picha zako pale, mkabala na mama," alimwambia, "pasibaki patupu." Albamu haikurudi. Baada ya wiki mbili wakakabiliana uani mwa shule.

"Albamu yangu iko wapi?"

"Si nilikurudishia? Niliitia kwenye mkoba wako."

"Mwongo mkubwa we! Ina maandishi ya mama'angu!"

"Basi katafute vizuri. Mimi sina."

Huo ukawa mwisho wa mazungumzo yao. Na mji wetu ni mdogo, mnaujua. Mama aliuza mkate katika duka la mwokaji tangu mwaka 1955 hadi alipostaafu mwaka 2000, na kila Hillie alipoingia, yeye alijifuta mikono akapotelea jikoni, mfanyakazi mwenzake akamhudumia. Kanisani mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto. Baba yetu, Klaas Dijkema, aliyemwoa Mama tarehe 3 Mei 1963, alikuwa mlinzi wa daraja, akiliinua mashua zipite. Alizoea kusema, "Nikiinua daraja, mmoja akabaki ng'ambo hii na mwingine ile, ndipo mji unapumua." Sisi watoto tulicheka. Mama hakucheka.

Akiosha vyombo alikuwa akikariri mistari ya mama yake. *Osha masikio, Frouke, hata kama yamefunikwa na nywele. Mwalimu akisema, msikilize hadi amalize. Ukipata keki, kata vipande viwili.* Kisha alikwama, mikono ndani ya maji. Mstari wa nne ulikuwa umemtoka. Aliujaribu kwa maneno haya na yale, akatikisa kichwa. Baba alipofariki mwaka 2011, Mama aliniambia kwamba anaogopa kitu kimoja tu: kufa kabla hajaukumbuka mstari huo.

Septemba mwaka huu wa 2019 madaktari walimgundua kuwa na saratani ya kongosho. Tulimwekea kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Jumanne tarehe 10 Desemba kengele ya mlango ililia. Alikuwa Hillie Wieringa, ameshika kitu kilichofungwa kwa taulo ya vyombo.

"Mwanangu Anje, mama yako bado yupo?"

"Yupo. Lakini si kwa ajili yako." Nilikuwa nimeushika mlango kwa mikono miwili.

Sauti ikatoka kitandani: "Mwache aingie. Nataka nimtazame usoni."

Hillie alibaki amesimama, koti lake mwilini. Alisema kwamba alipaka gundi ya unga nyingi mno, akaiweka albamu chini ya Biblia kubwa ya baba yake ili picha zilale vizuri. Asubuhi picha zake na ukurasa wa Bibi Trientje vilikuwa vimegandana. "Niliogopa kuvuta. Nikaogopa kusema. Kila mwaka ukazidi kuwa mgumu kuliko uliopita."

"Ulikaa mtaa wa pili tu, Hillie."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, ungekuja." Mama akafumba macho, nami nikadhani anamfukuza. "Zifungueni."

Nilikataa. Karatasi ilikuwa imekauka, na wino ungeweza kuyeyuka. "Mama, ikichanika hutabaki na kitu."

"Sasa hivi nina nini?"

Tukachemsha birika. Hillie alishikilia albamu juu ya mvuke, nami nikapenyeza kisu cha siagi kati ya kurasa, kidogo kidogo. Pembeni pakachanika. Hillie akaguta, nami nikamfokea, Mungu anisamehe. Bawa la malaika likang'oka likabaki limenasa juu ya neno keki. Wino wa chini ulianza kutanuka. Nilipuliza, nikaacha, nikavuta tena. Ukurasa ukaachia.

Macho ya Mama hayakuweza tena kusoma, kwa hiyo Hillie ndiye aliyesoma. Mstari wa nne ulisema hivi: *Na jioni urudi mapema, mama yako yuko mlangoni.*

Mama alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika Baba. Alipotulia alimwambia Hillie, "Vua koti, basi, unanitia baridi." Kisha akanigeukia: "Anje, leta keki ya viungo. Kata vipande viwili." Chake hakuweza kukila. Alikishika tu.

Alifariki kesho yake, Jumatano tarehe 11 Desemba 2019, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na tisa. Tulikuwa pale mimi, ndugu yangu na Hillie. Nilikwenda dirishani kufunga mapazia kama ilivyo desturi yetu mtu anapofariki, na taa za barabarani zilikuwa bado hazijawashwa.

Ameacha binti yake Anje, mwanawe Reint, wajukuu watatu, na, kwa agizo lake mwenyewe lililotolewa mbele ya mashahidi, rafiki yake Hillie Wieringa, ambaye leo ameketi upande wetu wa kanisa. Baada ya mazishi karibuni nyote kahawa na keki.

Umerudi mapema, Mama, kabla ya giza. Ingia, upumzike.