Mwalimu Stefano Tsuma Kaingu: Maneno ya Pembeni mwa Ubao

Mwalimu Stefano Tsuma Kaingu alizaliwa Ganda, nje kidogo ya Malindi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kaingu Masha na marehemu mama Kadzo. Kitambulisho chake kilisema tarehe 1 Januari 1928. Mwenyewe hakuipenda tarehe hiyo. "Karani aliniuliza siku, nikamwambia mama anakumbuka mahindi yalikuwa yanavunwa," alikuwa akieleza. "Akanipa Januari. Nani huvuna mahindi Januari?"

Alianza shule ya misheni mwaka wa 1937. Kati ya 1949 na 1950 alisomea ualimu, na huko chuoni akajifunza kupiga kinanda na kuandika nyimbo kwa herufi za do, re, mi.

Alifundisha Mambrui, kisha Kilifi, na mwisho hapa nyumbani Ganda, hadi alipostaafu Desemba 1983. Kila Jumatatu aliandika sentensi moja ya kwake pembeni mwa ubao, na hakuna aliyeruhusiwa kuifuta kabla ya Ijumaa. Wengi waliopita mikononi mwake bado wanazo katika madaftari ya zamani. "Mchoraji mzuri hujua pa kuacha karatasi wazi." "Usiimbe ili usikike. Imba ili jirani yako asipotee." "Mtu huona haya kukosea wimbo mbele ya watu, lakini akidanganya peke yake hulala vizuri." Na ile waliyoikariri zaidi: "Uongo hutaka kwaya nzima. Ukweli hutoshwa na mtu mmoja."

Katika kwaya ya kanisa, aliyoiongoza miaka thelathini, hakujua kumpaka mtu mafuta. Siku moja Mueni, mwimbaji mgeni wakati huo, alimfuata baada ya ibada.

"Mwalimu, leo nimeimba vizuri?"

"Umeimba kwa bidii."

"Nimeuliza vizuri, Mwalimu."

"Nami nimekujibu, mwanangu. Bidii."

Tangu siku hiyo wanakwaya wakawa wanatishana: "Angalia, leo utaambiwa una bidii!"

Tarehe 14 Agosti 1954 alifunga ndoa na Nyevu Charo, wakajaliwa watoto wanne. Asubuhi moja mwaka wa 1962, Nyevu alikuwa jikoni akikuna nazi na kuimba wimbo alioutunga mwenyewe. Mwalimu alisimama nje ya mlango na karatasi, akaunakili wote. Ndio huu tunaouita Nimebisha Asubuhi. Mwaka huohuo kwaya iliuimba Malindi mjini, na kanisa zima likasimama. Mchungaji akauliza mtunzi ni nani.

"Umetoka nyumbani kwangu," Mwalimu akajibu.

Mchungaji akaandika: S. Tsuma. Mwalimu aliiona kalamu ikitembea, akanyamaza.

Wimbo ukachapwa katika kitabu cha kwaya, namba kumi na saba, kwa jina lake. Mwaka wa 1970 alipewa saa ya ukutani kwa kuutunga. Nyevu hakuwa akijua kusoma siku zile. Ndiye aliyeitia saa hiyo ufunguo kila Jumapili.

Mwanzoni mwa 1986 koo lilianza kumwuma, na hospitali wakasema ni saratani. Kufikia Septemba mwaka huu wa 1987 sauti ilikuwa imekwisha kabisa, akawa anazungumza kwa chaki na kibao cha shule. Jumatatu tarehe 9 Novemba alimwita Nyevu, akaandika pembeni mwa kibao: "Namba 17 ni wako. Niliiba. Isomwe siku ya kunizika."

Nyevu alisoma polepole, kidole juu ya herufi.

"Baba Kaingu," akamwambia, "mimi nilijifunza kusoma kwenye darasa la ngumbaru mwaka wa 1980. Jina lako nililiona pale kitabuni zamani. Nilikuwa nangoja wewe ulione."

Mwalimu akaandika: "Samahani." Nyevu akaacha neno lile likae kitambo, kisha akalifuta kwa ncha ya leso yake. "Hilo nimeshasoma. Andika jingine." Akaandika: "Keti." Wakaketi pamoja hadi adhuhuri.

Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 12 Novemba 1987, saa kumi na moja alfajiri.

Wasifu huu ulipokuwa ukitayarishwa, wazee waliomba habari ya wimbo iachwe. "Maiti haaibishwi, shemeji," akasema mzee Masha, mdogo wa marehemu. Nyevu akamjibu, "Simwaibishi. Mwalimu wenu aliandika Jumatatu, na leo si Ijumaa bado. Mbona mwataka kufuta?" Baadaye mzee Masha alikuja mwenyewe akaomba aonyeshwe kile kibao.

Marehemu amemwacha mjane wake, Nyevu; watoto wake Kaingu, Jedida, Zipporah na Mapenzi; wajukuu tisa; ndugu yake Masha; na wanafunzi ambao hakuna awezaye kuwahesabu.

Katika ukurasa wa mwisho wa ratiba hii, chini ya namba kumi na saba, sasa pameandikwa: Maneno na sauti, Nyevu Charo. Kwaya inaombwa isianze. Ubeti wa kwanza atauimba mwenyewe, peke yake, nasi tutamfuata.

Mwenyezi Mungu ampokee Mwalimu, na ampumzishe kwa amani.